Kwa nini mashabiki wa filamu za kutisha hawaelewani juu ya M. Night Shyamalan?

Waulize mashabiki watatu wa filamu za kutisha wanaonaje kazi za M. Night Shyamalan, na jiandae kupata majibu manne. Wa kwanza atakuambia huyu ni fundi. Wa pili atasema ni mtu aliyebahatika mara moja, mwaka 1999, na tangu hapo anaishi kwa jina hilo. Wa tatu atamsifu kwa dakika mbili, kisha atakumbuka filamu fulani na kuanza kumponda.

Ubishi huu una zaidi ya miaka 20 na haujaisha. Katika makala hii tunaeleza mwongozaji huyu ni nani, watu wanabishania nini hasa, na kwa nini ubishi huo unamhusu hata mtu anayetazama filamu kwenye simu au kwenye banda la video kijijini.

Tahadhari: tutataja jinsi filamu za Signs, The Village na The Visit zinavyoisha, kwa sababu ugomvi wenyewe umelala hapo. Siri ya The Sixth Sense hatutaigusa. Kama hujaiona, bado una bahati.

Shyamalan ni nani?

Alizaliwa mwaka 1970 katika mji wa Mahé, kusini mwa India, na akakulia Marekani karibu na jiji la Philadelphia. Wazazi wake wote wawili ni madaktari. Jina lake la kuzaliwa ni Manoj. "Night", yaani usiku, alijichagulia mwenyewe.

Filamu zake nyingi zinatokea Philadelphia na mashamba ya jirani. Mara nyingi anaandika kisa mwenyewe, anaongoza mwenyewe, na hata anajitokeza kidogo kama mwigizaji. Kwa hiyo filamu ikipendeza, sifa ni zake. Ikiharibika, hana wa kumsukumia lawama.

Kitu kinachomtambulisha zaidi ni mwisho wa visa vyake. Unatazama filamu nzima ukiamini jambo moja, halafu kuelekea mwisho kibao kinageuka na kila ulichokiona kinapata maana nyingine.

Filamu iliyompandisha

The Sixth Sense ilitoka Agosti 1999. Inamhusu mtoto anayeona watu waliokufa, na mtaalamu wa saikolojia ya watoto anayejaribu kumsaidia. Mtoto aliigizwa na Haley Joel Osment, mtaalamu akaigizwa na Bruce Willis.

Filamu hiyo iligharimu takribani dola milioni 40 na kuingiza zaidi ya dola milioni 670 duniani. Ilipendekezwa kuwania tuzo 6 za Oscar, ikiwemo ya filamu bora na ya mwongozaji bora, jambo ambalo ni nadra kwa filamu ya kutisha. Watu wengi walilipa tiketi mara ya pili ili wakague kama walidanganywa. Walipoitazama upya, waliona kwamba dalili zote zilikuwa mbele ya macho yao tangu mwanzo.

Hapo ndipo sifa ilipotoka, na hapo hapo ndipo mtego ulipotegwa. Tangu siku hiyo watazamaji hawakuingia tena kwenye filamu yake wakiwa wametulia. Waliingia wakitafuta siri. Mtu anayesikiliza hadithi huku anawinda mwisho wake hasikii hadithi ileile anayosikia mwenzake aliyekaa kusikiliza tu.

Shamba la mahindi na glasi za maji

Mwaka 2002 alitoa Signs, ambayo iliingiza zaidi ya dola milioni 400. Mkulima mmoja anaamka na kukuta mahindi yake yamelazwa chini kwa michoro mikubwa ya duara. Baadaye inajulikana kwamba viumbe kutoka sayari nyingine wamekuja duniani.

Mkulima huyo, aliyeigizwa na Mel Gibson, zamani alikuwa kasisi. Mke wake alikufa katika ajali ya barabarani, naye akavua joho na kuacha kusali. Mwisho wa filamu, kiumbe mmoja anamshika mtoto wake. Ghafla mambo madogo yaliyotawanyika katika kisa yanaungana: glasi za maji ambazo binti yake huacha kila kona ya nyumba, pumu ya mtoto wa kiume, na maneno ya mwisho ya mke wake. Maji yanawaunguza viumbe hao, na pumu inayazuia mapafu ya mtoto kuvuta sumu. Kasisi anarudia imani yake.

Kundi la kwanza la mashabiki linauliza: viumbe wanaounguzwa na maji, kwa nini waje kuvamia sayari ambayo sehemu kubwa ya uso wake ni maji? Tena waje uchi, kwenye mashamba yenye umande! Kwao huo ni uzembe wa mwandishi.

Kundi la pili linajibu kwamba filamu hii haikuhusu viumbe. Ilimhusu mtu aliyefiwa, anayejiuliza kama mambo yanayotupata yana mpangilio au ni bahati tu. Kwa kundi hili, maji yanafanya kazi ya baraka kuliko kazi ya silaha.

Makundi yote mawili yaliona filamu ileile. La kwanza lilikuwa linakagua kama kisa kinasimama. La pili lilikuwa linatafuta kisa kinasema nini.

Kijiji kilichowagawa watu

Ugomvi mkubwa ulikuja mwaka 2004 na The Village, yaani Kijiji. Watu wanaishi maisha ya kale katikati ya msitu, wakivaa na kuzungumza kama watu wa karne ya 19. Hawatoki. Msituni, wanaambiwa, kuna viumbe wasiotajwa kwa jina. Rangi nyekundu imepigwa marufuku kwa sababu inawavuta viumbe hao.

Kijana mmoja anachomwa kisu, na mchumba wake, msichana kipofu, anaomba ruhusa ya kuvuka msitu kufuata dawa mjini. Ndipo ukweli unapotoka. Viumbe ni wazee wa kijiji wenyewe waliovaa mavazi ya kutisha. Na zama zile si za kale: nje ya msitu kuna barabara, magari na walinzi. Wazee hao ni watu wa zama zetu waliouliwa ndugu zao na wahalifu, wakaamua kujitenga na dunia. Hofu waliitunga ili watoto wao wasitoke.

Matangazo ya filamu yalikuwa yameahidi mazimwi. Vijana waliolipa tiketi kutafuta mazimwi walitoka na hasira. Nchini Marekani kuna kampuni iitwayo CinemaScore, ambayo huwauliza watazamaji siku ya kwanza wanapotoka ukumbini na kuwaomba watoe alama kama za shuleni, kuanzia A hadi F. The Village ilipewa C. Shuleni unaweza kurudi nyumbani na C bila kupigwa, lakini kwa kipimo hicho ni alama ya chini, ingawa filamu za kutisha hupata alama za namna hiyo mara nyingi kwa kuwa watu hawapendi kushtukizwa vibaya. Filamu ilianza kwa kujaza kumbi, na wiki ya pili mapato yakaporomoka kwa zaidi ya nusu.

Hata hivyo, miaka ilivyopita, The Village imepata watetezi wengi. Wanasema ni filamu kuhusu viongozi wanaowatawala watu kwa hofu, kwa nia njema kabisa, mpaka hofu yenyewe inageuka kuwa gereza. Wanakumbusha kwamba ilitoka miaka mitatu baada ya mashambulizi ya Septemba 11, wakati Marekani nzima ilikuwa inazungumzia hofu na ulinzi.

Wapinzani wao hawakatai maana hiyo. Wanachosema ni kwamba ukimwalika mtu kula pilau kisha ukampa uji, hata uwe uji mzuri kiasi gani, usimshangae akinuna.

Miaka ya kuanguka

Baada ya hapo mambo yalikwenda mrama. Mwaka 2006 alitoa Lady in the Water. Ndani yake alijipa mwenyewe nafasi ya mwandishi ambaye kitabu chake kitakuja kuibadili dunia. Pia aliweka mhusika ambaye ni mhakiki wa filamu, mwenye maringo, anayeishia kuuawa na mnyama wa kutisha. Wahakiki wa kweli hawakucheka. Shyamalan alipewa tuzo mbili za kejeli za Golden Raspberry, zinazotolewa kwa kazi zilizoonekana mbovu zaidi za mwaka: moja kwa kuongoza, nyingine kwa kuigiza.

Mwaka 2008 ikaja The Happening, ambamo mimea inatoa sumu inayowafanya watu wajiue. Wengine waliicheka ukumbini. Shyamalan alijitetea kwamba alikusudia kutengeneza filamu ya mtindo wa zile za zamani za bei rahisi, na wapo mashabiki wanaokubaliana naye na kuipenda kwa sababu hiyo hasa.

Mwaka 2010 alitoa The Last Airbender, isiyo ya kutisha, iliyotokana na katuni inayopendwa sana na watoto. Alilaumiwa kwa kuwapa waigizaji Wazungu nafasi za wahusika ambao katika katuni wamechorwa kwa sura na tamaduni za watu wa Asia na wa ncha ya kaskazini. Filamu hiyo ilitangazwa filamu mbovu zaidi ya mwaka na watoaji wa tuzo zile zile za kejeli. Ilipofika mwaka 2013, filamu yake ya After Earth ilitangazwa huku jina lake likiwekwa pembeni. Mtu ambaye zamani jina lake peke yake lilijaza kumbi, sasa jina hilo lilionekana kuwa mzigo.

Kurudi kwa fedha yake mwenyewe

Wengi walidhani habari yake imeisha. Alichofanya ni kukopa kwa dhamana ya nyumba yake na kutengeneza The Visit kwa takribani dola milioni 5, kiasi kidogo sana kwa Hollywood. Ilitoka mwaka 2015 na kuingiza zaidi ya dola milioni 90.

Ikafuata Split, iliyogharimu dola milioni 9 na kuingiza zaidi ya dola milioni 270. Tangu hapo amekuwa akigharamia filamu zake kwa sehemu kubwa. Anasema kwa njia hiyo anabaki na uhuru wa kufanya anachotaka, na hasara ikitokea ni yake.

Ubishi nao ulirudi pamoja naye. Mwaka 2023 alitoa Knock at the Cabin, iliyotokana na riwaya ya Paul Tremblay, lakini akabadilisha mwisho. Wasomaji wa riwaya hiyo waligawanyika: wapo walioona ameondoa ukali uliokuwa moyo wa kitabu, na wapo walioona ametoa faraja iliyokuwa inahitajika. Mwaka 2024, katika Trap, aligeuza desturi yake. Matangazo yenyewe yalionyesha kwamba baba mpole aliyempeleka binti yake kwenye tamasha la muziki ndiye muuaji anayesakwa na polisi. Siri ilitolewa kabla ya tiketi kukatwa, na bado watu walibishana.

Nani anafanywa zimwi?

Hadi hapa ubishi ni wa ladha. Lakini kuna sehemu yake iliyo nzito zaidi, nayo inahusu filamu mbili zilizomrudisha.

Katika The Visit, watoto wawili wanakwenda kukaa wiki moja shambani kwa babu na bibi ambao hawajawahi kuwaona. Wanaambiwa wasitoke chumbani baada ya saa tatu na nusu usiku. Bibi anatembeatembea gizani, anakwaruza milango, anatapika. Mwanzoni wanaelezwa kwamba ni uzee. Hali hiyo ipo kweli: baadhi ya wazee wenye maradhi ya kupoteza kumbukumbu huchanganyikiwa zaidi jua linapozama. Mwishoni tunaambiwa hawa si babu na bibi. Ni wagonjwa waliotoroka hospitali ya magonjwa ya akili na kuwaua babu na bibi wa kweli.

Katika Split, mtu mwenye nafsi nyingi ndani yake anawateka wasichana watatu. Watetezi wa afya ya akili walilalamika kwamba filamu inawajengea watu picha ya uongo, kwa sababu wenye maradhi ya namna hiyo mara nyingi ni watu walioumizwa utotoni, na wengi wao hawamdhuru mtu yeyote. Mashabiki wengine wakajibu kwamba filamu inamwonea huruma mgonjwa huyo, na kwamba James McAvoy alimwigiza kwa ustadi mkubwa.

Kwa msikilizaji wa huku kwetu, jambo hili lina uzito wake. Tanzania, hasa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, wanawake wazee wameuawa kwa kutuhumiwa uchawi, na macho mekundu yamechukuliwa kuwa ushahidi, wakati macho hayo mara nyingi ni matokeo ya miaka mingi ya moshi wa jikoni. Kenya, katika kaunti ya Kilifi, wazee wameuawa kwa tuhuma kama hizo. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu cha Tanzania kimeandika kuhusu mauaji haya katika ripoti zake kwa miaka mingi.

Hakuna anayesema mauaji hayo yameletwa na filamu ya Marekani. Yalikuwepo kabla yake. Hata hivyo, bibi anayetembea usiku akiongea peke yake anaweza kuwa mgonjwa anayehitaji zahanati, na mtoto aliyekwisha kufundishwa kumwogopa bibi wa namna hiyo atachelewa kumwona hivyo. Ndiyo maana wapo mashabiki wanaopenda The Visit kama mchezo wa kutisha na kuchekesha, na wapo wanaoona mchezo huo umechezewa juu ya mgongo wa watu wanyonge. Hapa haitoshi kusema kila mtu na ladha yake.

Je, namna ya kutazama inabadilisha filamu?

Ndiyo, na sana. Filamu za Shyamalan zinategemea ukimya, kamera inayokwenda taratibu na vitu vidogo vilivyofichwa pembeni. Katika The Sixth Sense, kwa mfano, rangi nyekundu hujitokeza mahali maalumu, na asiyeiangalia haioni.

Afrika Mashariki wengi wetu tumezoea filamu za kigeni zikiwa na sauti ya mtafsiri juu yake. Tanzania alisifika hayati Lufufu. Kenya yupo DJ Afro. Mtafsiri mzuri huchangamsha filamu ya ngumi mpaka ikapendeza kuliko ilivyokuwa. Kwa filamu ya siri, kazi yake ni ngumu zaidi. Akinyamaza, banda linachoka. Akisema sana, anafunika ule ukimya unaoleta hofu, na ulimi ukimteleza, siri imetoka.

Kwenye simu nako kuna tatizo lake. Kioo ni kidogo, mwanga wa mchana unafuta giza la picha, na ujumbe unaingia katikati. Kama umewahi kutazama mojawapo ya filamu hizi ukaona "haina kitu", jaribu tena usiku, ukiwa na spika za masikioni.

Kwa hiyo nani yuko sahihi?

Ukiwasikiliza vizuri, utaona wengi wa wanaobishana hawajibu swali moja. Mmoja anauliza: filamu imenipa nilichoahidiwa? Mwingine: kisa kinasimama ukikikagua? Wa tatu: kina maana gani? Wa nne: kimemuumiza nani? The Village inaweza kufeli swali la kwanza na kufaulu la tatu. The Visit inaweza kukufanya uruke kwenye kiti na bado ikafeli la nne.

Maswali hayo manne unaweza kuyachukua hadi kwenye filamu yoyote, iwe ya Marekani, ya Nigeria au ya hapa nyumbani. Mkianza kubishana na mwenzako, muulize kwanza yeye anajibu lipi. Huenda mkagundua mnakubaliana.

Ukitaka kuanza kumjua Shyamalan, anza na The Sixth Sense, kisha Signs, kisha The Village, kwa mpangilio huo. Na ukitazama na watoto The Visit, ambayo kwa kweli si filamu ya watoto wadogo, kaa nao dakika chache ikiisha. Waambie kwamba bibi anayepotea njia usiku anashikwa mkono na kurudishwa nyumbani, na asubuhi anapelekwa zahanati.